Nani Anachezea Vifuko vya Daktari Hannah?

Jumanne, 2 Juni 1970. Msambweni

Jana Madaraka, leo balaa. Daktari Hannah katuita mie na Rai Chome barazani. Kasema Nairobi wamepunguza fungu, na mwisho wa mwezi kituo chetu cha utafiti kitabaki na msaidizi mmoja tu. Mmoja! Huyo atapewa kazi ya kudumu. Mwingine atashukuriwa. Najua maana ya kushukuriwa. Ni kupewa mkono na kuonyeshwa mlango.

Rai akajibu ati sawa, Daktari, litakalokuwa na liwe. Kwa upole! Mtu aambiwe huenda atafukuzwa kisha aseme sawa? Ana lake jambo huyo. Mtu wa Taru, kakulia kwa mbuzi, lakini chupa za maabara anaziosha kama anaosha maiti. Kujipendekeza tu.

Mie siwezi kushukuriwa, wallahi. Mama kesha tangaza Vanga nzima kwamba mwanawe Abdulrahim ni daktari mdogo. Na shemeji yangu kaninunulia panga. Anasema siku nitakayorudi tutakwenda naye mikokoni kukata boriti. Matope hadi kiunoni! Mbu! Kaa wa kunifinya vidole! La, la, la.

Niandike kazi yenyewe, wajukuu wasije wakadhani nilikuwa napiga watu sindano. (Watu wenyewe wa Msambweni bado hawajaelewa. Kila siku yuko mtu mlangoni anakohoa, na Daktari anamweleza kwamba udaktari wake ni wa vitabu.) Tunachukua kiini cha yai, tunakamua mafuta yake kwa spiriti, tunayaacha yakauke juu ya kisahani cha kioo. Kisha tunanyonya maji kwa mrija, kwa mdomo, mpaka kwenye alama, na kuyaachia polepole juu ya yale mafuta. Basi mafuta yanajikunja yenyewe yawe vifuko. Vidogo, huvioni bila hadubini. Nje ngozi nyembamba, ndani maji. Daktari anasema hata mwili wa mtu umejengwa kwa vifuko vya ngozi kama hiyo, ila hivi vyetu ni vya kuigiza. Anavitonea dawa hii na ile aone vitabadilika umbo vipi. Ukitia sabuni vinapasuka. Ukitia spiriti nyingi vinapasuka. Ukitia chumvi kidogo vinasinyaa basi. Yeye anatafuta kitu cha kuvigeuza umbo bila kuvipasua wala kuvisinyaza. Mwaka mzima hajakipata, maskini.

Kakataza kula ndani ya maabara. Mie sili. Natafuna tambuu langu nyuma ya tangi la maji, natema, naingia kazini. Tambuu halimezwi, basi si chakula.


Jumatano, 3 Juni

Kuna mtu anachezea vifuko vyangu!

Asubuhi Daktari kainama kwenye hadubini kutazama kisahani changu.  Akatazama tena. Akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akauliza nani katengeneza hivi. Nikasema ni mie, lakini sikuwa peke yangu chumbani. Akaniita nichungulie. Lo! Vifuko vimeota mikia! Mikia mirefu, myembamba, inacheza majini, viluwiluwi watupu. Kisahani cha Rai pale pembeni, vifuko mviringo, vimetulia, adabu mtindo mmoja.

Daktari hakunigombeza. Hilo ndilo lililonitia hofu. Kaandika jambo, kafunika kwa mkono.

Nimekaa nikafikiri. Nani atafaidi vifuko vyangu vikiota mikia? Mtu mmoja. Nani alisimama karibu na meza yangu akijifanya anafungua dirisha? Huyo huyo. Nani kaniuliza asubuhi, kwa sauti ya asali, kama nimeamka salama? Yeye! Usingizi wangu unamhusu nini?

Nikatafuna tambuu la pili ili nitulize roho. Nikatengeneza kisahani kingine kwa uangalifu mkubwa. Mikia tena!


Alhamisi, 4 Juni

Leo nimetega. Nimeng'oa unywele wangu mmoja nikaubandika kwa mate kwenye mlango wa kabati la chupa zangu. Ukikatika, mwizi kapita. Sakafuni nikanyunyiza unga wa ngano wa Shangazi Mwanasiti ninayekaa kwake, kidogo tu, mbele ya meza. Nyayo zitasema.

Kila baada ya muda nilifungua kabati kuangalia kama unywele umekatika. Kila mara ulikuwa umekatika! Nimeng'oa nywele mpaka utosi unaniwasha. Mchana ndipo nilipogundua kwamba anayeukata ni mie ninapofungua kuangalia. Mtego mzuri, lakini una dosari.

Unga nao umeniponza. Daktari kaingia, kaona nyayo nyeupe kutoka mezani kwangu mpaka mlangoni, kutoka mlangoni mpaka nyuma ya tangi, na kurudi. Kauliza za nani. Rai yuko pekupeku, mguu wake mpana. Nyayo ni za makubadhi. Makubadhi ni yangu peke yangu. Nikasema labda kuna mtu kayaazima. Daktari akanitazama, akamwambia Rai alete ufagio. Rai kafagia bila kucheka. Anajizuia makusudi, ili aonekane mtu mzima.

Vifuko vyangu: mikia. Vyake: mviringo.


Ijumaa, 5 Juni

Nimekwenda kuswali na roho iko kituoni. Khatibu kahutubia nini sijui. Nilikuwa namwona Rai peke yake na chupa zangu, anazitia hiki na kile. Astaghfirullah, hata sijdani nilikuwa nageuza shingo kutazama dirishani.

Niliporudi nikapitia nyuma ya tangi. Chokaa ya tambuu nikazidisha, maana roho ilikuwa juu. Kisha kazini. Mara hii vifuko havikuota mikia tu, viligandamana pia, kimoja juu ya kingine, kama watu kwenye foleni ya mchele! Daktari akasema, "Ajabu!" Kasema mara nyingi. Sikupenda alivyosema.

Ndipo akaamuru tubadilishane. Mie nikae kiti cha Rai, nitumie chupa za Rai, maji ya Rai, mayai ya Rai. Rai akae kwangu. Nikacheka moyoni. Sasa mchawi ataumbuka! Matokeo: kisahani nilichotengeneza mie kwa vyombo vyake, mikia. Alichotengeneza yeye kwa vyangu, mviringo.

Maana yake ni wazi. Alijua tutabadilishwa, akaharibu vyake mapema ili vinikute mie. Mtu huyu ni hatari kuliko nilivyodhani.


Jumamosi, 6 Juni

Kituo kimefungwa. Nikamfuata Rai sokoni. Nilijibanza nyuma ya rundo la madafu, kofia nimeivuta machoni. Kanunua mahindi. Kanunua chumvi. Kisha, moyo ukanipasuka, kanunua SABUNI! Kipande kizima! Mtu anayejua kwamba sabuni inapasua vifuko kanunua sabuni mchana kweupe, mbele za watu, bila haya.

Nikaruka kutoka mafichoni nimshike papo hapo, nikaangusha madafu. Muuza madafu akanitukana mimi na ukoo wangu mpaka babu wa tatu. Rai akaja kunisaidia kuyaokota. Nikamuuliza sabuni ya nini. Akasema ya kufulia. Majibu tayari mdomoni!

Kisha akanivuta pembeni. Akaniambia nisimfikirie vibaya, lakini yeye anadhani ni tambuu. Ati nanyonya mrija na mdomo una chokaa na maji ya tambuu, vinaingia kisahanini. Ati nikamwambie Daktari mwenyewe, hatakasirika, huenda hata akafurahi. Kaapa kwamba yeye hatanisemea, maana hilo ni langu kulisema.

Nimwambie Daktari! Niende kwa miguu yangu nikasema kwamba nimekuwa nikitia mate kwenye kazi ya serikali! Si ndio kushukuriwa huko? Kumbe ndio mpango wake. Nilimwambia ahsante, kwa heshima, na nimerudi nyumbani mbio.

Kwamba ni tambuu siamini hata kidogo. Babu yangu katafuna miaka yote na hakuota mkia. Lakini Daktari ataamini. Lazima niwahi.


Jumapili, 7 Juni

Mpango. Kwanza meno. Yana wekundu wa miaka. Nimeyasugua kwa mkaa, kisha kwa mchanga, kisha kwa ndimu na chumvi. Nimeona nyota. Meno yakatoka meupe, lakini fizi zikatoa damu, yakawa mekundu tena. Nikaanza upya.

Shangazi Mwanasiti alinikuta uani nimepiga magoti na kopo la mkaa. Kauliza kama naoa. Nikamwambia ni jambo la kazi. Nikamsihi: mtu yeyote akija kumuuliza, awe awaye, aape kwamba mie sijapata kutafuna tambuu tangu kuzaliwa. Akacheka, akasema yeye mwenyewe ndiye anayenikunjia kila asubuhi. Nikamwambia, shangazi yangu, ukisema hivyo nitarudi Vanga. Basi akaacha kucheka. Hana mtoto mwingine wa kumtekea maji ila mie. Akaniwekea mkono kichwani, akasema hata wamletee askari, hatasema.

Nimekaribia kulia. Watu wa kwangu ndio hawa.


Jumatatu, 8 Juni

Nimechukua kijaluba cha Shangazi, kile kidogo cha shaba anachowekea chokaa, popoo na majani ya tambuu. Sikumwambia. Rai alipokwenda kisimani nikakitia mfukoni mwa koti lake jeupe lililotundikwa. Kazi safi. Jioni Shangazi akakitafuta nyumba nzima. Nikamwambia huenda yule kijana wa Taru kakiiba alipopita kutusalimu. Akasonya kwa hasira.

Leo sijatafuna hata kidogo. Kichwa kinauma, nimemjibu vibaya kuku.

Vifuko vyangu leo mviringo mtupu! Vizuri kuliko vya Rai! Nikampelekea Daktari kifua mbele. Akachungulia. Uso ukamshuka. Akaniuliza mikia iko wapi.

Mikia iko wapi! Mtu asifiwe kwa kazi nzuri, badala yake anadaiwa mikia! Ananitega. Nikasema sijui habari za mikia mie.


Jumanne, 9 Juni

Siku ya hukumu. Daktari katukalisha sote wawili barazani, akatumiminia chai. Chai! Hapo nikajua mambo mabaya. Akasema kuna kitu kiliingia kwenye visahani wiki iliyopita, na anataka kujua ni kitu gani. Akasema hana hasira. Akasema aliyekitia aseme tu mwenyewe, hatamfukuza mtu. Alikuwa anatabasamu. Daktari Hannah si mtu wa kutabasamu. Hata picha ya shahada yake pale ukutani kanuna.

Rai akanitazama. Mie nikatazama bahari.

Daktari akamuuliza Rai. Rai akasema si yeye, na zaidi ya hapo hana la kusema. Akaniuliza mie. Nikasimama. Nikala yamini kwamba mdomo wangu haujapata kujua tambuu, wala popoo, wala chokaa, tangu siku niliyoachishwa ziwa. Daktari akasema hakutaja tambuu.

Nikajikaza kisabuni. Nikasema nataja mie kwa sababu namjua mtafunaji, na aangaliwe mfukoni! Nikaenda mwenyewe kulileta koti la Rai. Nikakitoa kijaluba, nikakiinua juu watu wote wakione, ingawa watu wenyewe walikuwa wawili.

 Macho ya Rai yalinitazama kwa namna ambayo sikuipenda. Nilitaka agombe, anitukane. Kanyamaza tu. Daktari akakichukua kijaluba, akakifungua, akakinusa, na badala ya kumfukuza mtu akakimbilia ndani nacho. Daktari mzima anakimbia! Nikabaki na Rai na vikombe vya chai. 


Jumatano, 10 Juni

Maji yamenifika shingoni.

Wamefanya kazi tangu asubuhi, Daktari na Rai. Rai ndiye aliyetoa shauri kila kitu kijaribiwe peke yake. Chokaa peke yake: vifuko vinagandamana. Popoo peke yake: havifanyi lolote. Jani la tambuu likipondwa na kuchujwa: mikia! Inachomoza taratibu kutoka kwenye ngozi ya kifuko, mirefu, mizima, na hakuna kilichopasuka. Daktari kapiga kigelegele! Mtu wa vitabu! Kigelegele cha kwao Rabai, cha harusi! Akasema hicho ndicho alichokuwa anakitafuta mwaka mzima, mafuta ya jani la tambuu, na wakubwa wa Nairobi watakuja Ijumaa waone kwa macho yao.

Hapo nikaelewa. Kilichokuwa kosa kimekuwa sifa. Na sifa nimeitia kwa mikono yangu mfukoni mwa mtu!

Nikamwendea mbio. Nikasema, Daktari, ni mie! Ni langu! Mikia yote ni yangu! Daktari akasema jana niliapa. Nikasema jana nilikuwa naona haya. Akasema hebu nione meno. Nikayaonyesha. Meupe! Laana ya mkaa! Nikasema basi aitwe Shangazi, yeye ndiye anayenikunjia.

Akaitwa. Akaja kajitanda buibui lake la heshima, tayari kwa vita. Daktari akamwamkia shikamoo, akamuuliza kwa adabu kama mimi natafuna tambuu. Nikamkonyeza. Nikamtikisia kichwa. Nikamwambia, Shangazi, sema kweli sasa! Naye akanielewa vizuri mno. Akala yamini mbele ya Mwenyezi Mungu kwamba mtoto wake Abdulrahim kalelewa kiungwana na tambuu halijui hata kwa rangi. Kisha akaona kijaluba chake mezani, akamgeukia Rai akamwita mwizi.

Rai akamwomba radhi kwa kijaluba kuonekana mfukoni mwake. Hakusema kilifikaje. Shangazi akapoa. Kabla ya adhuhuri wamekubaliana na Daktari kwamba yeye Shangazi ndiye atakayeleta majani ya tambuu kituoni kila wiki. Amepata kazi! Kila mtu anapata kazi kwa mikia yangu ila mie.


Ijumaa, 12 Juni

Wakubwa wamekuja, wamechungulia, wamesema aah. Rai kapewa kazi ya kudumu. Yamekwisha.

Baadaye Daktari akaniita peke yangu. Akasema alijua tangu mwanzo. Kumbe kayaona yale mate mekundu nyuma ya tangi siku nyingi! Akasema barazani ile Jumanne alikuwa anangoja neno moja tu kutoka kwangu, na angetuombea Nairobi tubaki wote wawili, maana nilikuwa nimemfungulia mlango. Akasema mtu akikosea chupa anafundishika. Akivunja kioo kinanunuliwa kingine. Lakini mtu asiyesema alichokitia kisahanini, hajui afanye naye kazi vipi, kwa sababu kazi yenyewe ni kusema ulichokitia basi.

Nilisimama pale nimevaa koti. Nikataka kusema nisamehe, Daktari.  Badala yake nikaenda nyuma ya tangi, nikalia kama mtoto, na Rai akaja, akanipa leso yake, akaondoka bila kunitazama.

Leso inanuka sabuni.


Jumamosi, 13 Juni

Mambo mapya! Asubuhi Daktari na Rai wamekuja nyumbani kwa Shangazi. Kumbe Rai ndiye kaniombea, ati mie nipewe nafasi nyingine. (Kwa nini? Anataka nini kwangu? Nimelifikiria mchana kutwa na bado sijalipata.) Nafasi yenyewe ni hii. Wanataka kujua kama jani likitafunwa linafanya sawa na jani lililopondwa. Wanahitaji mtafunaji. Kuanzia Jumatatu nitakwenda kituoni, nitatafuna tambuu mbele yao, nitatema kwenye chupa, na nitasema wazi nimetafuna nini na nini. Hilo tu. Nikifanya hivyo kwa uaminifu mpaka mwisho wa mwaka, Daktari atawaandikia Nairobi waniongezee kazi ya kudumu. Koti nimeachiwa. Panga la shemeji litangoja.

Shangazi kalia kwa furaha. Mie nikawashika mikono wote wawili, nikawaambia wataona mtu mkweli.

Sasa wameondoka na nimetulia, nimeyapima vizuri. Nitafune tambuu la kweli, niteme, nao wachukue siri yote chupani, halafu wanishukuru? Hawanipati tena! Nimekwenda dukani nimenunua mabuyu, yale mekundu ya rangi. Jumatatu nitatafuna mabuyu. Rangi ni ile ile. Na wakiuliza, nitakula yamini kwamba ni tambuu, na Shangazi kesha kubali kuwa shahidi.